Kipimo kipi cha damu kinatabiri ini litakavyopona baada ya upasuaji?

Ini lisilo na ugonjwa linaweza kukatwa zaidi ya nusu, na kipande kilichobaki kikakua mpaka kikabeba kazi yote. Ini lenye kovu la sirosisi, lililochoshwa na kemotherapi au lililojaa mafuta halina uwezo huo, na mpasuaji hawezi kila mara kulitambua kwa macho. Ndiyo maana damu hupimwa. Ila vipimo ni vingi, kila kimoja kina watetezi wake, na mara nyingi hulinganishwa kana kwamba vyote vinakimbia mbio moja. Kuna kinachojibu "tukate kiasi gani?", kuna kinachojibu "usiku huu tuwe na wasiwasi?", na kuna kinachojibu "ini limeshindwa kweli?". Anayechagua kipimo kabla ya kutaja swali lake hujikuta na namba sahihi iliyofika siku isiyo yake.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni siku: kipimo kinatoa jibu kabla ya kisu au baada yake? Cha pili ni kinachopimwa hasa: kazi ya ini, jeraha la ini, au kovu lililokuwemo tangu awali. Haya ni mambo matatu tofauti, na makosa mengi ya tafsiri huanzia hapo. Cha tatu ni mipaka ya namba. Cha nne ni vitu vinavyopotosha jibu, na hiki ndicho tumekipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndicho husahaulika. Cha mwisho ni mahitaji ya maabara na aina ya mgonjwa anayenufaika.

Kinachotabiriwa nacho lazima kijulikane. Mwaka 2011 kundi la kimataifa la utafiti wa upasuaji wa ini, ISGLS, lilikubaliana kuwa ini limeshindwa baada ya kukatwa pale INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) na bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huitoa kwenye damu) zinapokuwa juu ya kawaida siku ya 5 au baadaye. Kama zilikuwa juu hata kabla ya upasuaji, hesabu huangalia kama zinazidi kupanda. Daraja A halibadilishi matibabu. Daraja B linayabadilisha lakini bila kuingilia mwili kwa vifaa. Daraja C linahitaji kuingilia, kwa mfano mashine ya kupumulia au ya kusafisha damu.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: hakuna kipimo cha damu kinachopima ukubwa wa kipande kitakachobaki. Hilo ni kazi ya picha ya CT. Mipaka inayotumika sana ni angalau 20% ya ini kwa lisilo na ugonjwa, 30% kwa lililopitia kemotherapi nyingi, na 40% kwa lenye sirosisi. Damu nzuri haiokoi kipande kidogo mno.

Bilirubini na INR

*Kinachopimwa.* Kazi mbili za ini. Bilirubini inaonyesha ini linavyosafisha na kutoa nyongo, INR inaonyesha linavyotengeneza protini za kugandisha damu. Mojawapo ya protini hizo, ile ya namba VII, hupungua kwa nusu ndani ya takribani saa 6, kwa hiyo INR hubadilika haraka. Albumini huchukua kama siku 20 kupungua kwa nusu. Ndiyo sababu kushuka kwake siku ya 2 baada ya upasuaji hakusemi mengi kuhusu ini. Zaidi ni maji ya dripu na uvimbe wa mwili.

*Siku.* Kila siku tangu siku ya 1 mpaka angalau ya 5. INR hupanda siku mbili za mwanzo hata kwa anayeendelea vizuri, kisha hushuka. Namba moja peke yake ina thamani ndogo kuliko mwelekeo.

*Mipaka.* Kanuni ya "50-50" iliyotoka Ufaransa mwaka 2005 inasema hivi: siku ya 5, protrombini (kipimo kingine cha kuganda kwa damu) chini ya 50% (takribani INR zaidi ya 1.7) pamoja na bilirubini zaidi ya mikromoli 50 kwa lita (kama miligramu 2.9 kwa desilita). Katika utafiti wa awali, waliotimiza masharti yote mawili walifariki kwa 59%, na wasioyatimiza kwa 1.2%. Mwaka 2007 ukaja mpaka mwingine: bilirubini kupita miligramu 7 kwa desilita, yaani takribani mikromoli 120, wakati wowote baada ya ini lisilo na sirosisi kukatwa sehemu kubwa. Kanuni ya 50-50 ina siku maalumu. Mpaka wa 7 hauna siku, na mara nyingi hufikiwa mgonjwa akiwa tayari amezidiwa. ISGLS ina wavu mpana kuliko zote mbili, kwa hiyo inanasa hata wale ambao wangepona bila kufanyiwa lolote.

*Kinachopotosha.* Plazma ya kuongezewa hushusha INR bila ini kufanya kazi yoyote. Ukiitoa, andika saa, na usilinganishe INR ya baada yake na ya kabla. Upungufu wa vitamini K, ambao ni wa kawaida kwa mgonjwa aliyekuwa na macho ya manjano kwa wiki kadhaa, hupandisha INR hata ini likiwa zima. Dozi ya vitamini K ya kwenye mshipa ikiirekebisha ndani ya siku moja, ini halikuwa na kosa. Bilirubini hupandishwa na damu nyingi iliyoongezewa, na mfereji wa nyongo uliobanwa au unaovuja, na pia tabia ya kurithi ya Gilbert. Vilevile, sehemu ya bilirubini hushikamana na albumini na kukaa kwenye damu wiki kadhaa, hivyo macho yanaweza kubaki manjano wakati ini limeshapona. Kosa la maabara linalojirudia ni chupa ya sitreti, kizuia damu kuganda, isiyojazwa mpaka mstari: sitreti inazidi damu, na INR inatoka ndefu kwa uongo.

*Mahitaji na anayefaa.* Maabara yoyote ya hospitali. Vinamfaa kila aliyekatwa ini, lakini kwa kuthibitisha na kufuatilia. Kwa kuamua ukubwa wa mkato havisaidii kitu, kwa sababu jibu lao linakuja siku tano baada ya uamuzi.

Alama za kukokotoa: ALBI, APRI na MELD

*Kinachopimwa.* ALBI inatumia bilirubini na albumini, kwa hiyo inagusa kazi ya ini. APRI inatumia kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani, nayo inagusa kovu na shinikizo la mshipa mkuu wa ini. MELD ya awali inaunganisha bilirubini, INR na kreatinini, taka inayosafishwa na figo.

*Siku.* Kabla ya upasuaji. Zichukue kwenye sampuli moja ya karibuni, si albumini ya mwezi uliopita na bilirubini ya jana.

*Mipaka.* ALBI, iliyochapishwa mwaka 2015, hukokotolewa hivi: logi ya bilirubini (mikromoli kwa lita, msingi wa 10) mara 0.66, toa albumini (gramu kwa lita) mara 0.085. Jibu la −2.60 au chini yake ni daraja la 1. Juu ya hapo mpaka −1.39 ni daraja la 2, na kinachozidi −1.39 ni daraja la 3. APRI ni AST iliyogawanywa kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara yako, kisha kugawanywa kwa chembe sahani (bilioni kwa lita), mara 100. AST ya 60, kikomo cha 40 na chembe sahani 150 zinatoa 1.0.

*Kinachopotosha.* Vipimo vyenyewe vya ALBI si vigumu. Hesabu ndiyo inayoangusha watu. Mgonjwa mwenye bilirubini 17 na albumini 40 anapata −2.59, daraja la 2. Albumini ikisomwa 41 anapata −2.67, daraja la 1. Tofauti ya gramu moja ni ndogo kuliko mabadiliko ya kawaida ya siku hadi siku, kwa hiyo anayesimama mpakani asihukumiwe kwa daraja. Soma namba yenyewe. Baya zaidi ni vizio vya vipimo kuchanganywa. Albumini ikiingizwa kama gramu 4.0 kwa desilita, mgonjwa yuleyule anatoka na +0.47, kana kwamba ini limekufa. Bilirubini ikiingizwa kama miligramu 1.0, anatoka na −3.40, kana kwamba hana tatizo lolote. Kosa hili la pili ni la hatari zaidi kwa sababu halimshtui mtu.

Nje ya hesabu, albumini hushushwa na njaa, na mwili kupambana na ugonjwa kwa muda mrefu, na protini inayopotea kwenye mkojo, bila ini kuhusika. APRI hubadilika kwa kubadilisha maabara tu: AST ileile ya 60 yenye kikomo cha 35 inatoa 1.14. Kemotherapi pia hushusha chembe sahani kupitia uboho, si kupitia ini pekee.

MELD tumeiweka hapa kwa haki, lakini kwa wagonjwa wanaokwenda kukatwa ini ina udhaifu wa wazi. Namba iliyo chini ya 1 huhesabiwa kuwa 1, kwa hiyo mwenye damu karibu na kawaida anapata 6, sawa na mwenzake ambaye ini lake limeshaanza kukakamaa. Ilitengenezwa kwa watu wagonjwa sana, na huko inafanya kazi. Daraja A la Child-Pugh, mfumo wa zamani wa kupanga ukali wa sirosisi, lina kasoro inayofanana: karibu wote wanaofikishwa kwenye upasuaji wako humo. ALBI husaidia kuwatenganisha.

*Mahitaji na anayefaa.* Karatasi, kikokotoo na damu iliyokwisha kupimwa. Zinamfaa kila mgonjwa kama chujio la kwanza. ALBI na APRI zikisomwa pamoja huambiana mambo: mwenye ALBI nzuri na APRI mbaya anaweza kuwa na ini linalotengeneza protini vizuri lakini lina kovu, na huyo ndiye anayeshtua watu baada ya upasuaji.

Rangi ya kijani, ICG

*Kinachopimwa.* Kasi ya ini kusafisha damu wakati huohuo. Rangi hii, indosayanini ya kijani, hushikamana na protini za damu, huchukuliwa na chembe za ini pekee, na hutoka kwenye nyongo bila kubadilishwa. Kinachobaki kwenye damu baada ya dakika 15, yaani R15, kwa kawaida huwa chini ya 10%.

*Siku.* Kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa hajala na amelala kimya, kwa sababu damu inayopita kwenye ini hubadilika kwa chakula na kwa kusimama.

Utaratibu wa sampuli: miligramu 0.5 kwa kilo ya uzito hudungwa haraka kwenye mkono mmoja, na damu huchukuliwa mkono wa pili dakika 15 baadaye kwa saa, si kwa kukisia. Unga huyeyushwa kwa maji safi ya sindano peke yake. Maji ya chumvi huugandisha. Uliokwisha yeyushwa hutumika ndani ya saa 6. Vipo pia vitambuzi vya kubana kidoleni vinavyosoma bila kutoa damu, na hivyo hutumia dozi ndogo zaidi.

*Mipaka.* Mwongozo wa Masatoshi Makuuchi wa Japani ndio unaojulikana zaidi. Kwa asiye na maji tumboni na mwenye bilirubini ya kawaida, R15 chini ya 10% inaruhusu kukata mpaka theluthi mbili za ini. Kati ya 10 na 19% ni theluthi moja, na kati ya 20 na 29% ni kama sehemu moja ya sita. Kuanzia 30% ni mkato mdogo tu, na kuanzia 40% ni kung'oa uvimbe wenyewe. Kati ya vipimo vyote hapa, ndicho pekee kilichofungwa moja kwa moja na kiasi cha ini cha kukata.

*Kinachopotosha.* Bilirubini na rangi hii hugombea mlango mmoja wa kuingilia kwenye chembe za ini, kwa hiyo mwenye manjano hupata jibu baya hata ini lake likiwa imara. Mishipa inayoruka ini, ya kawaida kwenye sirosisi, hufanya hivyohivyo. Wapo wachache waliozaliwa na kasoro ya kuichukua rangi hii. R15 yao hupanda mno huku vipimo vingine vyote vikiwa safi. Ukiona tofauti kubwa namna hiyo, tilia shaka kipimo kabla ya kumnyima mtu upasuaji. Rangi ina iodini, hivyo uliza kuhusu mzio.

*Mahitaji na anayefaa.* Rangi yenyewe, saa, na kifaa cha kusomea mwanga au kitambuzi cha kidole. Inamfaa mwenye ini lenye kovu anayefikiriwa mkato mkubwa. Kwa kijana mwenye ini zima anayeondolewa kipande kidogo, ni kazi ya ziada.

Alama za saa 72 za kwanza: laktati, fosfeti, vimeng'enya

*Kinachopimwa.* Mambo matatu yasiyofanana. Laktati, asidi inayotengenezwa mwili unapokosa oksijeni ya kutosha, huonyesha kama mwili unapata damu ya kutosha na kama ini linaweza kuisafisha. Fosfeti hushuka wakati ini linakua upya, kwa sehemu kwa sababu chembe mpya zinaihitaji na kwa sehemu kwa sababu figo huimwaga. AST na ALT hupima jeraha peke yake.

*Siku.* Laktati mwisho wa upasuaji, kisha kila saa 4 hadi 6. Fosfeti kila siku mpaka ya 3. Vimeng'enya siku ya 1 na ya 2, ambapo kawaida hufika kilele.

*Mipaka.* Kwa laktati tazama mwelekeo: inayoshuka saa baada ya saa ni habari njema hata kama ilianza juu. Kwa fosfeti, utafiti mmoja wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa iliyobaki zaidi ya miligramu 2.4 kwa desilita siku ya 2 iliandamana na ini kuchelewa kufanya kazi. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mgonjwa ambaye fosfeti yake haikushuka ndiye wa kuangaliwa. Lakini iliyoshuka lazima irudishwe. Ikifika chini ya miligramu 1 kwa desilita, misuli ya kupumua hudhoofika.

*Kinachopotosha.* Kubana mishipa ya ini wakati wa kukata hupandisha laktati na vimeng'enya kwa kila mtu. Adrenalini na metformini, dawa ya kisukari, hupandisha laktati, na damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida nusu saa huendelea kuitengeneza yenyewe. Tumia chupa yenye floraidi au pima papo hapo kwenye mashine ya gesi za damu. Fosfeti hupandishwa na figo zilizochoka na chembe nyekundu zilizovunjika kwenye sampuli. Mara tu mgonjwa anapoongezewa fosfeti kwa dripu, kiashiria hicho kimekufa.

AST ya mamia siku ya 1 haimaanishi ini limeshindwa. Inayoendelea kupanda siku ya 2 na ya 3 inataka picha ya mawimbi ya sauti ya mishipa, kutafuta donge la damu. CRP, protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, nayo ina ujanja wake: inatengenezwa na ini, hivyo CRP ya chini sana baada ya mkato mkubwa si lazima iwe faraja. Huenda kipande kilichobaki hakina nguvu ya kuitengeneza.

*Mahitaji na anayefaa.* Laktati inataka mashine karibu na kitanda. Nyingine ni za kawaida. Zinamfaa mgonjwa wa mkato mkubwa au aliyepoteza damu nyingi.

Mikro-RNA

*Kinachopimwa.* Vipande vifupi vya RNA vinavyovuja kutoka kwenye chembe za ini au kutolewa nazo. Namba 122, 151a na 192 ndizo zilizochunguzwa zaidi kwa kutabiri kabla ya upasuaji.

*Siku na mipaka.* Kabla ya kukata. Husomwa kwa uwiano wa moja na nyingine, si kwa kiwango cha moja, kwa sababu maabara hazina kipimo rejea wanachokubaliana.

*Kinachopotosha.* Heparini, kizuia damu kuganda, huzuia mmenyuko wa PCR, yaani njia ya kuzidisha RNA ili ionekane, kwa hiyo chupa ya heparini haifai. Chembe nyekundu zikivunjika humwaga RNA zake na kuchafua jibu. Plazma yenye wekundu itupwe.

*Mahitaji na anayefaa.* Mashine ya PCR, watu waliozoea, na muda. Zinafaa vituo vikubwa vinavyokata maini mengi. Kwa hospitali ambayo bado haikokotoi ALBI kwa kila mgonjwa, kuanzia hapa ni kuruka ngazi.

Kwa hali yako

*Sirosisi, na mkato mkubwa unafikiriwa.* Anza na ALBI na APRI, ongeza ICG, kisha pima kipande kitakachobaki kwa CT. Kimoja kikipinga vingine viwili, tafuta sababu ya tofauti hiyo kabla ya kupanga tarehe.

*Amepata kemotherapi kwa saratani iliyosambaa kwenye ini.* Usitulizwe na ALBI nzuri. Dawa kama oksaliplatini huumiza mishipa midogo ndani ya ini, na dalili yake ni chembe sahani kupungua na wengu kukua. APRI na ICG zina nafasi ya kuliona hilo. Ukubwa wa wengu utauona kwenye CT uliyonayo tayari.

*Ana manjano kwa sababu mfereji wa nyongo umebanwa.* Bilirubini, ALBI na ICG zote zimeharibika kwa wakati mmoja. Toa nyongo kwanza, mpe vitamini K, subiri bilirubini ishuke, ndipo upime upya.

*Maabara ni ya kawaida tu.* ALBI na APRI kabla. Bilirubini na INR kila siku mpaka angalau ya 5. Fosfeti siku ya 2. Huu si mpango wa pili kwa ubora, ni uti wa mgongo wa mipango yote.

*Usiku wa kwanza, shinikizo la damu liko chini.* Laktati. Isiposhuka baada ya maji na dawa, tafuta damu inayovuja au mshipa ulioziba kabla ya kulaumu ini.

*Siku ya 3, bilirubini inapanda lakini INR inashuka.* Ini linatengeneza protini vizuri. Shaka iwe kwenye nyongo. Pima bilirubini ya maji yanayotoka kwenye mrija ulioachwa tumboni baada ya upasuaji: ikiwa mara 3 ya ile ya damu au zaidi kuanzia siku ya 3, nyongo inavuja.

*Siku ya 3, zote mbili zinapanda.* Usingoje siku ya 5 ili kanuni itimie. Tafuta maambukizi, piga picha ya mishipa, acha dawa zinazoumiza ini, pima sukari mara kwa mara kwa sababu ini linaloshindwa huacha kuitoa, na kama uko mbali na kituo chenye wagonjwa mahututi, anza mipango ya kumhamisha angali anaweza kusafiri.